Nani Alikupeleka Ng'ambo

Papa,

Nimekaa kwenye kiti chako, kile chenye mguu mfupi, na bado sijazoea kuegemea upande kama ulivyokuwa unafanya. Kilio tumekiondoa Jumamosi. Mabenchi tuliyoazima yamerudishwa. Maman amelala mchana huu, mara ya kwanza tangu tukuzike, nami nimeona nikueleze mwenyewe yaliyopita.

Shangazi alifika kutoka Nyakabuye na neno moja kinywani. "Ule mwanamuke njo alimutuma kaka yangu kwenye kifo." Dada yako humjui kwa kunong'ona. Alilisema akichambua mchele, mbele ya wanawake wote waliokuja kutufariji, na Maman akaendelea kumenya viazi kana kwamba anasemwa mtu wa nyumba nyingine. Lakini Koko alisikia. Mama mkwe wako, yule uliyekwenda kumtoa Bukavu vita vilipoanza upya, alisikia vizuri sana, na tangu hapo akawa anasukuma sahani. Ukimuuliza, anasema ameshiba. Ameshiba nini, Papa, mtu anayekunywa maji tu?

Nami nilikuwa na hasira na Maman. Nilimwona jioni ile redio ilipotaja mitaa ya kwao. Alilia mpaka ukaizima. Asubuhi kitanda chako kilikuwa kimetandikwa na wewe hupo. Daraja la mpakani limefungwa, ukapita ziwani, ukarudi na Koko kwa mtumbwi mpaka Nkanka upande wetu, mvua yote ikiwa juu yako kwa sababu koti lako alikuwa amelivaa yeye. Kisha kifua. Kisha hospitali. Nilipokuwa nakushika mkono kule nilijiambia: Maman asingelia, Papa angekuwa mzima.

Unaijua desturi. Siku ya kuondoa kilio mtu wa nyumba anasimama, anaueleza ugonjwa tangu ulipoanza mpaka pumzi ya mwisho, ili asiwepo anayerudi kwake na shaka. Linalosemwa pale ndilo linalobaki. Shangazi alitaka asimame yeye. Angemtaja Maman, na sijui kama wazee wangemwacha Maman alale tena humu ndani, yeye na mama yake. Mzee wa ukoo akasema hapana, mtoto mkubwa yupo, aseme yeye.

Basi usiku mzima nikawa natafuta maneno, na badala ya maneno ukaja wewe, na darasa lako la jioni. Watu wazima wote wale, waliokulia Kongo kama sisi, wamerudi nchini kwao, upande huu wa ziwa, na Kifaransa chao na Kiswahili chao, wakakuta maofisini wanaulizwa Kiingereza. Siku ya mwisho uliyofundisha, ulikuwa umeandika ubaoni neno la kusababisha, *cause*, na majirani zake wote kulizunguka: kuleta, kuchochea, kulazimisha, kuacha jambo litokee. "Hili moja liangalieni," ulisema. "Liko na kidole. Linapenda homa, ajali na vita. Muntu akikutendea muzuri, tafuta ingine."

Hapo ndipo Selestini, fundi wa baiskeli, akasimama na kutangaza kwa Kiingereza chake kwamba mke wake amemsababishia watoto watatu. Ulicheka mpaka miwani ikaanguka. "Selestini, hao batoto ni homa ao ni ajali?" Darasa zima likafa kwa kicheko, naye akacheka kuliko wote.

Halafu ukatulia, ukasema jambo nililolipita bila kulishika. Kabla hujamwelekezea mtu neno hilo, uliza kwanza: yule mwingine, aliyetenda, hakuwa na akili yake? Hakuwa na miguu yake?

Na ukafuta ubao, ukatuaga. "Kesho mutafundishwa na binti yangu. Mimi niko na safari."

Papa. Hiyo ilikuwa kabla ya redio. Tulitoka pale pamoja, tukala, ndipo redio ikasema, ndipo Maman akalia. Ulikuwa umeshaamua wakati yeye bado anasonga ugali. Nililijua hilo siku zote na hasira ikanifichia.

Jumamosi nikasimama. Nilieleza homa, nikaeleza kifua, nikataja waliokuuguza. Kisha nikasema: "Kilichomuua Papa ni mapafu. Aliyempeleka ng'ambo ni Papa. Aliaga darasa lake kabla Maman hajatoa chozi." Shangazi akafungua mdomo. Selestini akasimama kule nyuma, kofia mkononi. "Ni kweli. Alituaga. Tulikuwa wote." Na wenzake wakasimama, mmoja mmoja, benchi zima la wanafunzi wako.

Shangazi alilia hapo, kilio cha kweli, kile ambacho alikuwa hajakulilia bado. Maman ndiye aliyekwenda kumshika. Sikumwambia aende.

Jioni Koko aliomba maharage, akala mpaka akakwangua sahani. Leo amekaa mlangoni kwangu anachambua mengine, na ananikemea kwamba naandika sana.

Lala salama, Papa. Darasa nitaliendeleza, nakuahidi, na kanuni zako nitazifundisha kama ulivyoziacha. Isipokuwa moja, ile ya kutafuta neno jingine kwa jema. Jana nililiandika neno lako la homa na vita ubaoni, nikawaonyesha wanafunzi Koko, aliyenisindikiza, akiwa mzima nje ya mlango, na chini yake nikaandika kwa Kiingereza: Baba yangu amelisababisha hili. Selestini hakucheka. Lipo pale bado, sijalifuta. Nisahihishe ukiweza.

Binti yako.