Kopo la Koline Lililoachwa Wazi

Makambako,
Alhamisi, mwezi wa saba.

Baba mpendwa,

Kamwene. Na shikamoo pia, maana najua salamu moja haikutoshi. Natumaini barua hii itakukuta umeketi karibu na moto, mguu umepungua kuuma, na mama ameacha kubishana nawe kuhusu kuvaa soksi mbili. Mimi ni mzima. Baridi ya huku mwaka huu ni kali, ukungu hauinuki mpaka saa nne, lakini kazi inanipa joto.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huwa unaiweka sauti ya juu na kijiji kizima cha Kifanya kinasikiliza. Haya uyasome kwanza peke yako, kisha utaamua mwenyewe umsomee nani.

Pasaka uliniuliza hewa inageukaje kuwa gundi, nikakujibu kwa Kiswahili cha vitabuni mpaka ukasinzia. Nijaribu tena. Pombe ya ulanzi inapochacha hutoa mapovu. Hewa iliyo ndani ya mapovu yale ndiyo hewa ukaa, ile ile inayotoka kwenye moshi wa matanuri ya kukaushia mbao. Sisi tunaifungia ndani ya chombo cha chuma pamoja na mafuta ya alizeti yaliyokwisha kutayarishwa, tunapasha moto, na mafuta yanaishika. Kutokana na mafuta hayo tunatengeneza gundi ya mbao isiyochoma macho kama ile iliyokutoa machozi miaka yote ya useremala wako.

Ila mafuta na hewa havishikani hivi hivi, vinahitaji kiyeyushi na kichocheo. Wengine hutumia viyeyushi vyenye sumu. Sisi tunachanganya urea, hiyo hiyo unayoweka kwenye mahindi, na koline, unga mweupe unaotiwa kwenye chakula cha kuku. Vyote viwili ni vikavu, lakini ukivipasha moto kidogo vinayeyuka pamoja na kuwa kimiminika kinachong'aa, hakina harufu. Hicho ndicho kiyeyushi, na hicho hicho ndicho kichocheo. Siku ya kwanza nilipokiona nilicheka peke yangu maabara.

Miezi minane tulihangaika. Mshale unaopima mgandamizo, ambao hushuka kadiri hewa inavyoingia kwenye mafuta, ulikuwa unashuka kwa uvivu mtupu. Dokta Hyasinta, mkuu wetu, alikuwa ameanza kusema tutafute njia nyingine. Halafu Jumatatu moja ya mwezi wa tano tukakuta kopo la koline mezani, wazi. Unga ule unavuta unyevu kuliko chumvi, na ukungu wa siku tatu ulikuwa umeugeuza uji. Dokta alikasirika sana. Mtunza stoo wetu, mzee Anania, aliapa kwamba Ijumaa alifunga kila kitu kabla ya kwenda msibani. Hakuaminiwa. Aliambiwa stoo ni yake, na mwisho wa mwezi mkataba wake haukuongezwa.

Mimi niliagizwa niumwage ule uji. Sikuumwaga. Nilitaka kujua umeharibika kiasi gani, nikautumia kwenye jaribio moja. Baba, mshale ulishuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani! Nikarudia, ukashuka tena. Nikachukua koline mpya, kavu, nikaiongezea maji kwa kipimo, tone kwa tone, siku baada ya siku. Maji yakizidi, kazi inaharibika. Yakiwa kidogo tu, hewa inaingia kwenye mafuta kwa saa nne badala ya siku nzima. Tumerudia mara kumi na moja na halijatuangusha. Mbao tulizoziunganisha kwa gundi hiyo, fundi alipozivunja kwa nyundo, ulipasuka msonobari wenyewe, kiungo kikabaki. Wageni wamekuja hadi kutoka Dodoma kuangalia. Nakwambia bila woga, jambo hili litafika mbali.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Kopo lile nililiacha wazi mimi. Ijumaa ile nilichukua ufunguo wa akiba, nikapima koline, nikatazama saa, nikakimbilia gari la Njombe ili niwahi kipaimara cha mdogo wangu Hosiana. Jumatatu, Anania alipokuwa anaapa, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nikatazama sakafu. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikawa wiki saba. Matokeo yalipokuja mazuri ikawa vigumu zaidi, maana watu walinisifu kwa akili ya kuujaribu ule uji, nami nikawa natabasamu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwake Lyamkena. Nilimkuta anapasua kuni nyuma ya nyumba, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakunipa mkono. Aliweka shoka chini, akamwita mkewe, Yunisi, kisha akaniambia, "Rudia. Huyu ndiye anayeniuliza kila siku kama nilikuwa nimekunywa." Nikarudia. Yule mama alimtazama mumewe, mimi hakunitazama kabisa, akaingia ndani analia.

Jumatatu nilirudia tena mbele ya Dokta Hyasinta na wenzangu wote. Nilidhani nitafukuzwa. Nimepewa onyo la maandishi, na kwa mwaka mzima sitazungumza na wageni kwa niaba ya maabara. Ni haki. Ripoti imeandikwa upya, na inataja nani aliacha kopo wazi. Anania amerudi kazini jana. Zamani aliniita mwanangu. Sasa ananiita mtaalamu, na hanikabidhi hata kijiko kabla sijatia sahihi kwenye daftari lake. Inaniuma, ila natia. Na kazi nitaendelea kuifanya, maana kazi yenyewe ni ya kweli.

Nisalimie mama, Hosiana na wote wa usharikani wanaoniulizia. Kama utakasirika, baba, niandikie ukiwa bado umekasirika. Usingoje hasira ipoe.

Ni mimi binti yako,
Modesta