Vishimo Viwili Sakafuni

Kaka,

Vigae ulivyotuma vimefika salama, vinne tu ndivyo vilivyovunjika. Nyumba uliyotujengea inapendeza. Mimi nimehamia tangu Jumatatu, na chumba changu kina feni.

Mama bado hajahama. Usikasirike, nakuomba. Anasema Bwana Yesu amezoea kumkuta kwenye chumba chake cha zamani, na wewe unamjua Mama akishasema.

Leo fundi alikuja kukivunja hicho chumba, kama ulivyoagiza. Alipokunja mkeka akakuta vishimo viwili sakafuni, pale Mama anapopiga magoti kusali kila alfajiri na jioni tangu tukiwa wadogo. Fundi akaiweka nyundo chini. "Dada," akaniambia, "mimi hapa sivunji. Tafuta wa kumwambia kaka yako."

Basi nakwambia mimi, roho mkononi.

Na jingine, ambalo sikutaka kuliandika: tangu nihamie huku sijasali hata siku moja. Jioni hii Mama alipoinuka, nilipiga magoti palepale. Vishimo vilikuwa bado na joto lake.

Kabla hujatafuta fundi mwingine, njoo kwanza uvipime kwa magoti yako.

Ni mimi, mdogo wako