Ubeti Nilioushindwa Kharkiv

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Hapa Didia hatujambo. Bibi yako anavuna choroko. Umeuliza kwa nini Waukraine wanang'ang'ania kuandika kwa lugha yao wakati Kirusi wanakijua.

Nilipokuwa nasoma Kharkiv, mji wa Ukraine, enzi za Usovieti, mwenzangu Oksana alinikaribisha kwao, akanisomea mashairi ya Kiukraine aliyoyanakili kwa mkono. Kitabu chenyewe kilikuwa kimeondolewa maktabani kwa amri ya serikali.

"Huogopi?" nikamuuliza.

"Naogopa. Lakini nisipoyatunza, wanangu watajuaje sisi ni nani? Niimbie ya kwenu."

Shuleni sisi tulichapwa kwa kuongea Kisukuma. Nikamwimbia wimbo wa kulimia wa mama yangu, ubeti wa mwisho ukanipotea. Nikaona aibu.

Niliporudi, mama alikuwa ameshafariki, ameondoka na ubeti ule. Njoo likizo, uandike nyimbo ninazozikumbuka bado.

Babu yako