Oksijeni Ipo, Nguvu Hakuna

Jumatano. Mvua asubuhi, kisha jua kali.

Leo nilikuwa nafundisha kidato cha tano shuleni Kihanga kuhusu ATP, kemikali inayobeba nishati ya kuendesha kila seli. Niliwaeleza kwamba jani la mgomba hutumia mwanga kuzitoa elektroni kwenye maji, na oksijeni hubaki ikitoka nje. Sisi tunazitoa elektroni kwenye chakula, na oksijeni ndiyo huzipokea mwishoni. Kote kuwili, safari yao hurundika protoni upande mmoja wa utando. Protoni hizo zikirudi, ATP hutengenezwa.

"Madam, na oksijeni isipozipokea?" mwanafunzi mmoja akauliza.

"Kila kitu kinasimama. Mtu anakufa."

Nikafuta ubao.

Saa sita mdogo wangu Adventina alipiga simu kutoka nyumbani, Rugera. "Dada, njoo! Mama amekula mihogo michungu, hata hakuiloweka. Anatapika, anahema kama ametoka mbio."

Juu ya bodaboda nilijua jambo ambalo Adventina hakulijua. Mihogo ile ina sumu ya sayanidi, na sayanidi huziba palepale oksijeni inapopokelea elektroni. Damu inaweza kujaa oksijeni, seli zikakosa nguvu. Migomba ya barabarani ilikuwa inapigwa jua, inajitengenezea ATP kwa mwanga.

Mama hana majani.

Nilimkuta kituo cha afya, Adventina alikomkimbiza, ana dripu na mashine ya oksijeni. Nikamwita, hakunitambua. Sijawahi kuogopa hivyo. Nilikaa sakafuni nikalia mbele za watu.

"Mwalimu, inuka umshike mkono," muuguzi akaniambia. "Hakula mingi. Mwili wenyewe unaiondoa sumu kidogo kidogo, tuupe muda."

Muda ndio ulinitisha. Kila pumzi yake niliisikiliza hadi iishe.

Saa kumi akafumbua macho. "Mbona umeacha watoto wa watu darasani?"

Nikacheka na kulia kwa pamoja.

Sasa ni jioni, amelala, na muuguzi anasema hatari imepungua. Hofu yangu haijapungua. Migomba yetu imenyauka mwaka huu, ndiyo maana amegeukia mihogo. Nami miaka sita nafundisha somo hili, wala sijawahi kumwambia mama yangu kwa nini mihogo michungu hulowekwa. Nilimsubiri nani amwambie?

Kesho akipata nguvu nitamweleza mwenyewe, kwa Kinyambo chetu, polepole.