Sare ya Ilse

Berlin, 4 Septemba 2016

Mwanangu Joha,

Salamu nyingi kutoka kwangu, na natumaini joto la Dubai halijakumaliza. Mimi mzima, isipokuwa goti, linalonung'unika kila nikipanda ngazi.

Leo nina furaha. Yule bibi ninayemtunza, Bibi Margot, amekubaliwa ombi lake la miaka mingi. Tarehe kumi na moja Novemba, hapa mbele ya nyumba yetu, kitawekwa kijiwe cha shaba chenye jina la mdogo wake, Ilse. Nilikueleza kwamba wao ni Wayahudi. Wakati wa Wanazi, Margot alifichwa shamba na mke wa mwoka mikate. Ilse, mtoto wa miaka saba, alichukuliwa pamoja na wazazi wao, wakauawa. Hana kaburi. Mji huu una vijiwe vingi vya namna hiyo kando ya barabara. Mpita njia huinama akasoma jina.

Majirani wote wamealikwa na mimi nimepewa kazi ya keki. Bibi hana ndugu hata mmoja aliyebaki, lakini tangu jana anaimba jikoni. Sauti yake ni mbaya kweli.

Ni mimi shangazi yako,
Tufaha

Satwa, Dubai, 25 Septemba 2016

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mimi sijambo, na Edna ninayekaa naye chumba kimoja anakusalimu na kuuliza hilo goti unalipaka nini.

Shangazi, shughuli bila sare inakuwaje? Kwetu Tanga, watu wakiwa na shughuli, huvaa kitambaa kimoja ili ajulikane nani ni wa nani. Hapa dukani ninaposhona lilikuwapo jora la manjano, la bibi harusi aliyebadili mawazo. Arbab, yaani tajiri wangu mwenye duka, akasema, "Yalla, lichukue, linanijazia rafu." Ni manjano ya kiini cha yai. Nimemshonea Bibi gauni kwa vipimo vyako, maana ulisema mnabadilishana nguo, na mitandio ya majirani wote. Asiye na ndugu tutamshonea ndugu. Nimeifukiza udi, na mzigo umeondoka leo asubuhi. Usimwambie.

Mwanao,
Joha

Berlin, 20 Oktoba 2016

Mwanangu Joha,

U hali gani? Sisi miili ni mizima, ila nyumba imepoa.

Wiki iliyopita mtu alipaka mlango wetu alama ya Wanazi kwa rangi nyeusi, na chini yake tusi la Wayahudi. Polisi walipiga picha wakaondoka. Mimi na bwana wa ghorofa ya tatu, ambaye kwa kawaida hatusalimii, tukasugua mpaka rangi ya mlango wenyewe ikatoka. Bibi haimbi tena, wala hatoki nje. Anasema kijiwe kisiwekwe, watakitemea mate, na Ilse alitemewa mate ya kutosha.

Siku hiyohiyo mzigo wako ukafika. Nilipoufungua nilikaa chini. Wanazi waliwalazimisha Wayahudi kushona nyota ya manjano kifuani ili wajulikane barabarani. Bibi aliivaa akiwa na miaka kumi na miwili. Ungejuaje, mwanangu? Nimeuficha mzigo chini ya kitanda changu. Usinune.

Shangazi yako,
Tufaha

Satwa, 29 Oktoba 2016

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Leo sitakudanganya kwamba sijambo. Nimelia mpaka Edna akazima redio. Shuleni tulisoma kwamba kulikuwa na vita na askari wetu wakapelekwa Burma, basi. Habari ya nyota sikuisikia. Ikate sare yote iwe vitambaa vya kufutia vumbi.

Lakini usimwache Bibi akakikataa kijiwe. Edna alipofiwa na mama yake, madam anayemfanyia kazi hakumruhusu kusafiri. Hakutuomba kitu ila jioni tukae naye kitandani, kila mmoja amtaje huyo mama kwa jina. Mwambie Bibi habari hiyo, tafadhali.

Mwanao mwenye aibu,
Joha

Berlin, 12 Novemba 2016

Mwanangu, fundi wangu,

Kaa chini kwanza. Ni wazima wote, na goti langu jana lilicheza.

Habari ya Edna nilimweleza Bibi, akanisikiliza, akageukia ukuta. Kumbe udi wako ulikuwa unafanya kazi. Ulijaa ukumbi mzima, na juzi Bibi akaufuata kwa fimbo yake hadi chumbani kwangu. Nilipotoka bafuni nikamkuta ameketi sakafuni, gauni mapajani. Nikamweleza sare ni nini na kwa nini umeshona. Akalikunjua gauni, akasema:

"Mara ya kwanza nilivalishwa manjano ili nijulikane si wa kwao. Huyu mtoto amenivalisha ili nijulikane ni wa kwao."

Akasema kijiwe kiwekwe, akanituma nikagonge milango na mitandio: anayetaka avae, asiyetaka asilazimishwe. Bwana wa ghorofa ya tatu aliutia mtandio mfukoni, akasema yeye si mtu wa mambo hayo. Jana Bibi aliposhuka ngazi na gauni lake, barabara ilikuwa ya manjano, na yule bwana amejifunga wake shingoni, uso mwekundu. Kijiwe kikawekwa, Bibi akalitaja jina la Ilse kwa sauti kubwa, na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga kigelegele. Watu wakanigeukia. Bibi akacheka, naye akajaribu kupiga chake, meno ya bandia yakakaribia kumtoka. Basi hapo tukacheka na kulia sote, na keki ikaliwa palepale mvuani.

Sasa ana lalamiko. Ameitazama picha ya jana, anasema haijakamilika. Ndugu mmoja hayumo.

Shangazi yako,
Tufaha

Satwa, 19 Novemba 2016

Shangazi, shikamoo, na shikamoo Bibi Margot,

Sisi wazima, tena sana. Picha hii hapa. Huyo kushoto ni Edna. Wa katikati ni arbab. Alipoisikia habari yote alikiomba kipande kilichobaki akajifunga mwenyewe. Mwenye mdomo wazi ni mimi, nilikuwa napiga kigelegele.

Tunashona tukiwa tumevaa. Wateja wanaingia, wanatutazama, wanauliza hii sare ni ya shughuli ya nani. Nawaambia ni ya mdogo wetu, Ilse.

Mwanenu,
Joha