Picha ya Marwa

Genkuru, Jumanne

Nimeifuta. Ilikuwa picha moja tu, lakini ndiyo iliyomwonyesha kaka yangu Marwa na shoka, mivule miwili imelala mbele yake. Aliikata apate matimba, magogo ya kuzuia shimo lake la dhahabu lisiporomoke.

Mivule hiyo aliipanda Mama Robhi, mzee anayeotesha upya msitu wa kijiji chetu, akaibebea maji toka mtoni miaka yote. Mimi nimeajiriwa kufunga kamera humo msituni, tujue kama wanyama wanarudi. Mwezi uliopita kamera ilipata mbega na mtoto wake. Mama Robhi alicheka mpaka akakaa chini.

Leo amenikuta narudisha kadi kwenye kamera, picha nimeshaifuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikuwa anatazama visiki. "Mwanangu, hiyo kamera imemwona nani?"

Nikasema imeharibika.

Akashika kichwa. "Basi ni mimi. Juzi niliipangusa vumbi kwa kanga. Nisamehe, wasije wakakufukuza."

Mtu mzima vile ananiomba msamaha! Nami nikamjibu, "Usijali, mama."

Marwa nimemwambia yote. Akasema miti itaota tena, yeye akifukiwa hataota. Hilo ndilo ninaloliogopa kila siku. Lakini kumwacha mama wa watu abebe...

Jioni Mama Robhi amekuja mwenyewe na kibuyu cha maziwa ya mgando, nimpelekee bosi wangu asinikasirikie kwa kosa lake. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nimekipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru.