Hakulia Msibani

Katandala, Sumbawanga
4 Machi 2023

Kaka Polikarp,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima wa mwili. Natumaini wewe, wifi Lydia na mtoto Edwin mmeamka salama huko Mbeya.

Sipokei simu zako kwa sababu sauti ya simu inaniumiza sikio, na hilo unalijua tangu tukiwa wadogo. Ndiyo maana naandika na kumpa kondakta wa basi.

Nina hasira na wewe. Naanza na hilo ili usilitafute katikati ya maneno.

Siku ya kumzika mama ulisimama mbele ya ukoo ukasema, "Huyu hana moyo. Mama yake amelala pale, yeye anasugua masufuria." Shangazi Salome akadakia kwamba asiyelia msibani anajua marehemu amekufaje. Watu wote wakageuka kunitazama. Nilingoja umkatalie, maana uliyasikia. Ukatazama viatu vyako.

Chini ya turubai kulikuwa na spika. Kwaya ilikuwa inatoka kwenye spika, watu wanalia juu ya kwaya, na mwanamke nisiyemjua akanishika kichwa akakikandamiza kifuani kwake, akaniambia nitoe machozi. Nilishindwa kupumua. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikachukua jivu na mchanga nikasugua masufuria, kwa sababu mikono yangu ikiwa na kazi ninayoijua, kichwa kinatulia. Kulia nililia baadaye, watu walipoondoka. Sikujua kama kilio lazima kiwe na mashahidi.

Wakati mama hawezi kujigeuza kitandani, nani alikuwa anamgeuza? Uji wake wa ulezi niliupika mimi, bila bonge hata moja. Alikuwa akinieleza kwa Kifipa, kwa sauti ya chini, kila kitakachofuata: sasa nitakunywa, sasa nitalala kidogo, sasa atakuja nesi. Tangu ameondoka hakuna mtu anayeniambia kitakachofuata.

Sasa nasikia kwa dada Fransiska, jirani yetu ninayemshonea sare za shule, kwamba unataka kufunga nyumba na kunipeleka Milanzi kwa shangazi Salome. Niambie kwamba ni uongo.

Mdogo wako,
Coleta

*

Mbeya
19 Machi 2023

Mdogo wangu Coleta,

Salamu kutoka huku. Sisi hatujambo, ila Edwin anatusumbua, hataki kulala na safari hawezi kabisa. Ndiyo maana hata msibani nilikuja peke yangu, wifi yako akabaki naye.

Lugha uliyoniandikia si ya kumwandikia kaka yako. Baba hayupo, mama hayupo, mwenye kauli ni mimi.

Si uongo. Mwanamke wa umri wako asiyeweza kumsalimia mgeni akamtazama usoni hawezi kuachwa na nyumba peke yake. Wateja wanaleta nguo, unazipokea na kuzama ndani bila hata ahsante. Padre alikupa mkono, ukaficha wako mgongoni. Kula kwenyewe ni ugomvi, mboga ikigusa ugali unaacha sahani. Ni kiburi, Coleta, na mama alikilea. Sisi wengine tulikuvumilia kwa ajili yake. Unadhani kwa nini kwenye harusi yangu nilimwomba akuache ulinde nyumba?

Shangazi ana nafasi na ana watu wa kukuombea. Atakuja Jumamosi na gari la kubeba vitu. Ufunguo utakaa kwake mpaka nipate mpangaji.

Usimletee shida.

Kaka yako anayekutakia mema,
Polikarp

*

Katandala, kwa dada Fransiska
11 Julai 2023

Kaka Polikarp,

Salamu. Sijui kama nyinyi ni wazima na leo siulizi.

Nimetoka kwa shangazi. Atakuwa amekupigia simu, amekuambia nimempiga mtu wa Mungu. Mimi nakuandikia jinsi ilivyokuwa.

Kwake redio haizimwi. Watoto wa binti zake wanaingia na kutoka, kila mmoja anagusa kitu changu na kukirudisha mahali pasipo pake. Nilivumilia. Nililala ukutani, nikajifunga kitenge masikioni, nikaamka, nikachota maji, nikaosha vyombo. Shangazi akawa anasema kitenge kile nimejifunga ili nisisikie sala. Cherehani yangu akaitoa nje kwenye baraza, akasema inaita mashetani, na mvua za mwisho za Aprili zikainyeshea. Imeshika kutu.

Kisha akaleta wale watu wake wa maombi. Walinizunguka chumbani, wakafunga mlango, wakaniwekea mikono kichwani wote pamoja, na mmoja akawa anapiga kelele ndani ya sikio langu: "Toka, toka ndani ya binti huyu." Nilisema basi. Nilisema tena basi. Nikasema, "Naomba mniache, mnaniumiza." Shangazi akawaambia, "Mnasikia? Si yeye anayesema." Wakanishika miguu.

Nilimng'ata yule mwanamume mkono. Ni kweli. Na angerudi ningemng'ata tena. Mimi nilikuwa nasema, Polikarp, kwa Kiswahili, kwa mdomo wangu, na watu wazima wenye akili walikubaliana kwamba si mimi.

Nilitembea kwa miguu kutoka Milanzi mpaka Katandala, kwenye upepo huu wa baridi, bila sweta. Nyumba yetu ina kufuli. Nikakaa mlangoni mpaka dada Fransiska aliponiona. Hakuniuliza kitu. Alisema, "Kuna chumba cha nyuma ninachoweka vitambaa. Kina mlango wake." Niko humo. Nashona kwa cherehani yake.

Wapangaji hawaji kwako, nasikia. Ukoo wenu ulitangaza mji mzima kwamba mle ndani anaishi mchawi, sasa nani atapanga? Nyumba ya mama inaota majani mlangoni kwa maneno yenu wenyewe.

Usinitafute.

Coleta

*

Mbeya
8 Septemba 2024

Mdogo wangu mpendwa Coleta,

Tumsifu Yesu Kristo. Ni muda mrefu. Natumaini unaendelea vizuri na afya, na kazi, na huyo dada Fransiska mpe salamu zangu na shukrani.

Mambo yaliyopita tuyaache. Nakuandikia kuhusu Edwin.

Ametimiza miaka minne na hazungumzi, ila kurudia maneno ya matangazo ya redio, neno kwa neno, kama yalivyo. Ukimwita jina hageuki. Anaweza kushinda anazungusha kifuniko cha sufuria sakafuni. Mama jirani akiwasha blenda anaanguka chini na kupiga kichwa ukutani. Anakula wali mweupe tu, na ukimbadilishia sahani hali. Chekechea wamemrudisha. Mwalimu alituambia kwa upole tutafute "mahali panapomfaa", bila kusema ni wapi.

Tulimpeleka hospitali. Daktari alikaa naye chini sakafuni, akamtazama, akatuuliza maswali mengi, kisha akatuambia mtoto ana usonji. Akasema si ugonjwa wa kuambukizwa wala wa kurogwa, amezaliwa hivyo, ubongo wake unapokea dunia kwa namna nyingine, sauti na mwanga na mguso vinamwingia kwa nguvu kuliko sisi. Akauliza, "Kwenye ukoo wenu kuna mtu mwingine wa namna hii?"

Lydia alisema kwao hakuna. Mimi nikasema na kwetu hakuna.

Coleta, hali hapa ni mbaya. Shangazi Salome alikuja kututembelea, akamwambia Lydia mbele ya wageni kwamba mtoto huyu ni wa damu ya kwao, kwetu hatujawahi kuzaa mtoto wa hivi. Lydia alinitazama. Amepungua mwili. Mimi niko katikati, nifanye nini.

Nilitaka kukuuliza, mama alikuwa anafanyaje na wewe? Ulikuwa hivi hivi, nakumbuka vifuniko. Kisha ukaweza kusoma, ukaweza kazi. Alifanya nini?

Kaka yako,
Polikarp

*

Katandala
20 Septemba 2024

Kaka Polikarp,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima. Mpe Edwin salamu, usimlazimishe kuzipokea.

Neno hilo nimelisoma nikaacha kushona. Usonji. Nina zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kuwa na neno ambalo si tusi. Nimeitwa zezeta, nikaitwa jeuri, nikaitwa mchawi, na wewe kwa mwandiko wako mzuri ukaniita mwenye kiburi. Mwanao amepata daktari aliyekaa sakafuni. Mimi nilipata mwanamume wa kunipigia kelele sikioni, na aliyenipeleka kwake ni wewe.

Nimefurahi kwa ajili yake. Kwako nimekasirika kiasi kwamba sindano imenichoma vidole leo asubuhi yote.

Daktari amekuuliza kama yupo mwingine, ukasema hayupo. Shangazi amemtukana mke wako, na ukweli ulikuwa mdomoni mwako, ukaumeza. Ulitazama viatu tena? Unauliza ufanye nini ukiwa katikati. Hauko katikati. Lydia yuko peke yake upande mmoja, na wewe umekaa na shangazi upande wa pili.

Nitakujibu kuhusu mama kwa sababu mtoto hana kosa. Kabla ya jambo lolote, mwambieni kinachofuata, kwa sauti ya chini na maneno machache. Sasa tutatoka. Sasa utaoga. Yakibadilika, mwambieni kwamba yamebadilika. Sahani yake iwe moja, haina hasara kwa mtu. Msimshike kidevu ili awatazame. Mimi nikimtazama mtu machoni simsikii anachosema. Akipiga kichwa, zimeni kelele kwanza, kisha mfungeni blanketi zito, mama alinifunga mimi gunia la magimbi lililooshwa, nikatulia. Kifuniko mwacheni azungushe. Kinazunguka vilevile kila mara, na huo ndio uzuri wake. Yale matangazo ya redio myasikilize, huenda anawaambia kitu. Mimi nilikuwa nasema "Bwana awe nanyi" kila nilipotaka kutoka nje, kwa sababu ndivyo misa ilivyokuwa inaisha. Mama aligundua, akawa ananifungulia mlango.

Wengine walikuwa wanacheka. Wewe pia.

Sasa mwambie Lydia. Mwambie mimi ni nani. Nakupa mpaka barua yako ijayo.

Coleta

*

Mbeya
5 Oktoba 2024

Mdogo wangu Coleta,

Salamu. Nimepokea barua yako na nimejifunza mengi. Ile ya blanketi inasaidia, kwa kweli inasaidia sana. Lydia aliniuliza nimeitoa wapi nikamwambia kwa rafiki wa ofisini.

Kuhusu kumwambia, naomba unielewe. Nikisema sasa, ataona nilimficha tangu uchumba. Wakwe watasema tuliwauzia mbuzi kwenye gunia. Na shangazi ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, siwezi kumwaibisha mbele za watu. Mambo haya yanahitaji muda.

Nimefikiria hivi. Wewe njoo Mbeya ukae nasi, umwangalie Edwin. Tutasema ni dada wa kazi niliyemtoa nyumbani. Utakuwa na chumba chako. Lydia hajawahi kukuona, hatajua, na mtoto atapata mtu anayemwelewa. Litakuwa jambo jema kwa wote.

Nijibu haraka.

Kaka yako,
Polikarp

*

Katandala, nyumbani kwa mama
2 Novemba 2024

Polikarp,

Mimi ni mzima. Lydia ni mzima. Edwin ni mzima. Najua umewatafuta, kwa hiyo nimelitanguliza hilo.

Barua yako ilinifanya nicheke, na mimi sicheki ovyo. Ulitaka niingie nyumbani kwa kaka yangu kama mtumishi, nimlee mtoto wa kaka yangu, nisiitwe shangazi yake. Dada Fransiska alipoisoma aliikunja, akasema, "Namba ya wifi yako wa Mbeya ninayo. Nilikuwa kwenye kikundi cha michango ya harusi."

Nilimwandikia Lydia ujumbe kwenye simu ya Fransiska. Nikamweleza mimi ni nani, na nilikuwaje mtoto. Nikamwambia blanketi ni la mama yetu. Simu ikalia papo hapo. Nikaipokea, mimi.

Hakusalimu. Alisema, "Kwa hiyo alijua?"

Nikasema, "Alijua. Tumekua chumba kimoja."

"Daktari alipouliza, alijua?"

"Ndiyo."

Kisha akaniuliza basi likiwa na muziki mkubwa amfanyeje mtoto, nikamwambia pamba masikioni, siti ya dirishani, kifuniko mkononi. Akaja.

Edwin aliposhuka stendi hakunitazama, na mimi sikumtazama. Tukasimama hivyo, tukizoeana. Lydia alidhani tumechukiana.

Kesho yake Lydia alimbeba Edwin mgongoni, tukapanda bodaboda mbili mpaka Milanzi. Shangazi alikuwa anaanika mahindi. Lydia akampigia goti, akamwamkia shikamoo vizuri kabisa, kisha akasema, "Shangazi, nimefuata ufunguo." Shangazi akaanza habari za damu ya kwao. Lydia akamngoja amalize. Akasema, "Huyu Coleta ni damu ya nani? Nyie mlikuwa na mtoto kama wangu ndani ya nyumba, mkamtesa, mkaja kwangu kunisingizia mimi. Nipe ufunguo." Majirani walikuwa wameacha kazi wanasikiliza. Shangazi akanigeukia mimi, akasema nimwombe radhi yule mtu niliyemng'ata. Nikamwambia sitamwomba. Ufunguo ukatoka.

Tumefyeka majani. Cherehani ya kutu nimeisafisha kwa mafuta ya taa, inashona, ingawa inakokota. Edwin amechagua pembe yake ukutani. Lydia anakwenda kuuliza shule hapa mjini. Ya kwanza wamekataa, kesho anakwenda nyingine, na mimi nafuatana naye, kwa sababu nataka wakikataa, wakatae na mimi nikiwepo.

Lydia anasema hatakuandikia. Ameniambia niandike hivi: anataka ulisikie swali lake lile aliloniuliza kwenye simu, uso kwa uso, na ulijibu kwa mdomo wako, mbele yangu. Baada ya hapo ndipo ataamua kama anarudi Mbeya. Mimi sijui ataamua nini, na sijamshauri.

Ukija, njoo peke yako. Usije na shangazi wala mtu wa maombi wala mzee wa kusuluhisha. Mlango tumeutia komeo kwa ndani. Bisha taratibu, useme jina lako, useme umekuja kufanya nini. Kama hujui umekuja kufanya nini, kaa Mbeya.

Coleta,
shangazi yake Edwin